Kituo na Hatima: Dhana ya Pumziko katika Kiswahili cha Kanisa, Kuanzia Matulo hadi Kitale

Wahakiki wa fasihi ya kidini ya Kiswahili wamezoea kujadili dhambi, kifo na wokovu. Dhana ya pumziko hutajwa kwa kupita tu, kana kwamba maana yake ni bayana. Makala haya yanashikilia kwamba si bayana hata kidogo. Kiswahili cha kanisa, hususan kinavyotumika Matulo, karibu na Webuye katika Bungoma, na kuendelea hadi Kitale, kina pumziko la aina mbili: pumziko kama hatima na pumziko kama kituo. La kwanza limelimeza la pili, na hasara yake si ya msamiati pekee.

Tuanze na matumizi. Katika matangazo ya vifo, katika hotuba za matanga na juu ya misalaba ya makaburi, kitenzi “pumzika” ni mali ya marehemu. Aliye hai husifiwa kwa kinyume chake: ni mtumishi asiyechoka. Juma lake lina maombi ya katikati ya wiki, mazoezi ya kwaya, mkutano wa akina mama, harambee, mazishi ya Jumamosi na ibada ya Jumapili. Ukimwuliza hali ya nafsi yake, atakujibu kwamba hana nafasi.

Jibu hilo lina mengi kuliko msemaji anavyokusudia. “Nafsi” na “nafasi” yametoka katika shina moja la Kiarabu, na nafasi kwa asili yake ni pumzi. Asiye na nafasi ni mtu aliyekosa pa kuvutia pumzi. Vivyo hivyo “raha” ina undugu na “roho”, na “pumzika” imezaliwa na “pumzi”. Jambo hili haliko katika Kiswahili peke yake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinapoeleza siku ya saba ya uumbaji, kinatumia kwa Kiebrania kitenzi cha kuvuta pumzi ambacho shina lake ndilo la neno la nafsi. Kwa mujibu wa lugha hizi, basi, kupumzika si kukoma kuishi. Ni sharti la kuishi.

Ingetazamiwa kwamba Bungoma ingelijua hilo zaidi ya kwingineko, kwa kuwa eneo hili ni ngome ya Marafiki, dhehebu lililozaliwa Uingereza katika karne ya 17 likiwa na ibada ya kimya kama alama yake kuu. Waumini waliketi wakimngoja Mungu, bila mhubiri na bila wimbo. Hata hivyo, wamisionari waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka Marekani, katika tawi lililokwisha kukubali wachungaji, nyimbo na mahubiri. Zaidi ya hayo, misheni yao ilijitambulisha, katika jina lake lenyewe, kuwa ya kazi na ufundi; injili ilikuja pamoja na kiwanda cha kupasulia mbao. Kimya kilikuwa kimepungua kabla ya kupanda meli. Leo, pale kinaposalia, mara nyingi ni dakika chache ndani ya ratiba, kati ya kwaya na matangazo.

Hapana budi tutahadhari tusiuhukumu upesi utamaduni wa kuahirisha pumziko. Nyimbo za kanisa zinazoliweka pumziko ng’ambo ya mto zimeshutumiwa mara nyingi kuwa kileo cha wanyonge. Lakini tuzisome zikiimbwa na vibarua wa mashamba ya walowezi kandokando ya Kitale wakati wa ukoloni. Kwa mtu ambaye siku zake zilipangwa na mwenye shamba, pumziko la mbinguni ndilo pekee ambalo bwana huyo hakuweza kulipangia saa. Wimbo wa aina hiyo ulikuwa shutuma dhidi ya kazi isiyo haki. Tatizo linazuka pale walowezi wanapoondoka na wimbo ukabaki, huku aliyejaza siku ya mwimbaji sasa ni kanisa lake mwenyewe.

Ushahidi mzuri umo katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952. Katika Luka 10, shughuli zinazomhangaisha Martha zimeitwa “utumishi”. Ni neno lilelile ambalo kwalo wachungaji hujiheshimu na kuheshimiwa. Msikilizaji makini hawezi kukwepa kinaya hicho: kinacholemea ndicho kinachotukuzwa. Mahubiri ya kawaida huwahimiza wanawake wawe Mariamu, kisha mhubiri hukaribishwa chai iliyopikwa na kina Martha waliokosa nusu ya mahubiri hayo. Mafundisho yoyote juu ya pumziko yasiyouliza nani yuko jikoni hayajaisoma sura hiyo.

Njia ya kutokea tunaiona katika fani ya ushairi wetu. Mshororo unaofunga ubeti huitwa kituo. Ukirudiwa, huitwa kibwagizo. Majina yote mawili yanakumbusha kazi ya mchukuzi: kutua mzigo na kubwaga mzigo. Kutokana na “tua” tumepata pia “tulia” na “utulivu”. Cha kuzingatia ni mahali pa kituo hicho. Hakingojei utungo uishe. Kimo katika kila ubeti, na baada yake ubeti mwingine huanza. Mathias Mnyampala, alipoisimulia Injili kwa bahari ya utenzi katika Utenzi wa Enjili Takatifu (1963), aliingia katika umbo linalomrudisha msomaji kwenye kina kilekile cha mwisho, ubeti baada ya ubeti. Masimulizi husonga mbele, lakini hayasongi bila kutua.

Tafsiri hii inakubaliana na Mathayo 11, ambamo walioelemewa huahidiwa pumziko na, papo hapo, hupewa nira. Kama pumziko lingekuwa hatima, nira ingekuwa ya nini? Aliyetua mzigo huuinua tena, lakini huuinua akiwa na pumzi.

Kwa hiyo dakika zile chache za kimya katika ibada za Marafiki zisichukuliwe kuwa pengo la kujazwa na pambio jingine. Ndicho kituo cha ubeti. Mshairi akikiondoa, hapati shairi refu zaidi. Anapata maneno yasiyo na mizani. Waumini wa Matulo hawajapungukiwa na bidii, na mbinguni hawajapasahau. Walichonyimwa ni kituo, na haki ya kukitumia neno “pumzika” wangali hai.