Pongezi kwa Watunza Vitabu vya Ubatizo

Nawapongeza kwa moyo wote makatekista na makarani wa parokia wanaotunza vitabu vya ubatizo. Humo mna jina la mtoto, wazazi na msimamizi wake. Pembeni huongezwa kipaimara na, baadaye, ndoa. Kazi hii ina mizizi mirefu. Mathayo anafungua Injili yake kwa ukoo wa Yesu tangu Abrahamu, wala hakuwaficha Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria. Ujasiri huo naupenda sana. Katika Ezra sura ya 2, makuhani waliokosa majina yao katika orodha ya nasaba waliondolewa katika ukuhani. Ndugu msomaji, nenda parokiani, ulizia jina la bibi yako, kisha liandike katika Biblia ya nyumbani.