"Hapana" Nalo ni Jibu: Kukisoma Tcl and the Tk Toolkit

Kuna vitabu vya kompyuta ambavyo mtu huvisoma kama anavyosoma ratiba ya treni: unatafuta unachokitaka, unakipata, unafunga. Na kuna vichache ambavyo ukivisoma taratibu unaona mwandishi alikuwa anawaza jambo linalotuhusu hata sisi tuliozoea riwaya na mashairi. Tcl and the Tk Toolkit cha John Ousterhout, kilichotolewa na Addison-Wesley mwaka 1994, nakiweka katika kundi hili la pili. Kitabu kilipata umaarufu kwa sababu ya madirisha na vitufe, lakini mimi nataka tusome pale palipo pakavu kabisa: panapoelezwa amri ikishamaliza kazi yake inajibu nini, na jibu hilo linawekwa wapi.

Najua, inasikika kama mada ya kumbembelezea mtoto alale. Vumilia kidogo.

Kwanza historia, kwa ufupi. Ousterhout alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na yeye na wanafunzi wake walikuwa wakiandika programu za kusanifu saketi za kielektroniki. Kila programu ilikuwa na kijilugha chake cha kupokea amri, na vijilugha hivyo vilikuwa dhaifu, maana vilitengenezwa haraka haraka na watu ambao akili yao yote ilikuwa kwenye saketi. Mwaka 1987 likamjia wazo: kwa nini lugha ya amri isiandikwe mara moja, ikaandikwa vizuri, kisha ikapachikwa ndani ya programu yoyote inayoihitaji? Mwaka 1988 akaanza kuiandika. Akaiita Tcl, jina linalotamkwa kama neno la Kiingereza lenye maana ya kutekenya.

Kinachopachikwa ndani ya programu ni mkalimani, na hapa Kiswahili kimetupendelea, kwa sababu neno letu linaonyesha kazi yenyewe. Mkalimani anakaa katikati. Upande mmoja yupo mwandishi wa skripti anayetoa amri. Upande wa pili ipo programu kubwa iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayojua kufanya kazi lakini haijui kuongea. Sasa fikiria mkalimani mahakamani. Shahidi akiulizwa swali, mkalimani ana mambo mawili ya kufikisha. Kuna maneno ya shahidi, na kuna hali yake: amejibu, amekataa kujibu, au ameinuka anaondoka. Mkalimani akifikisha maneno bila hali, hakimu anaweza kudhani kukataa ni ushahidi.

Tcl imejengwa juu ya tofauti hiyo. Kila amri, iwe kubwa au ndogo, ikimaliza inarudisha vitu viwili: namba ndogo inayosema mambo yameishaje, na maneno, yaani jibu lenyewe. Namba za kawaida ni tano tu. 0 ni sawa. 1 ni hitilafu. 2 inasema taratibu iliyokuwa ikiendelea imeamua kurudi ilikotoka. 3 inasema vunja mzunguko. 4 inasema acha duru hii, anza inayofuata. Maneno yanaweza kuwa chochote, hata kimya. Amri ya kuandika kwenye skrini, kwa mfano, hujibu kwa maneno matupu, na namba yake ni sawa. Amefanya alichotumwa, hana la kuongeza.

Mmoja wa mifano ya mwanzo katika sehemu ya tatu ya kitabu, pale Ousterhout anapofundisha kuongeza amri mpya kwa C, ni amri ndogo inayolinganisha maneno mawili. Yakifanana, inajibu ndiyo, kwa tarakimu 1. Yasipofanana, inajibu hapana, kwa tarakimu 0. Ukiipa neno moja tu, au matatu, inalalamika kwamba idadi ya ulichokileta si sahihi. Tazama anavyogawa hali. "Ndiyo" inarudi ikiwa na hali ya sawa. "Hapana" nayo inarudi ikiwa na hali ya sawa. Lalamiko peke yake ndilo linalorudi kama hitilafu.

Mimi nilipofika hapo nilirudia kusoma. Mistari michache tu ya kodi, na ndani yake kuna msimamo: kukataliwa siyo kushindwa. Aliyeuliza kama vitu viwili vinafanana akaambiwa havifanani, amejibiwa kikamilifu. Aliyeuliza vibaya ndiye ambaye hajajibiwa. Ni wangapi kati yetu, maofisini na majumbani, tunachukulia kila "hapana" kama hitilafu ya mtandao?

Msimamo huu unanigusa kwa sababu salamu zetu zinakwenda kinyume chake. Ukiuliza "Habari za nyumbani?", jibu la adabu ni "nzuri", hata kama nyumba imeungua. Ndipo baadaye, kwa sauti ya chini, linakuja "ila". Nzuri, ila mtoto analazwa kesho. Salama, ila tumefiwa. Hali na habari zimefungwa kitita kimoja, na hali kwa desturi ni ile ile siku zote. Aliyelelewa humo anajua kusubiri "ila". Mgeni anasikia "nzuri" na kuendelea na safari yake. Mashine ni mgeni wa aina hiyo. Haina sikio la kusubiri, na Ousterhout alilijua hilo, akaitenga hali na maneno ili adabu ya maneno isiifiche hali.

Kuna wakosoaji watakaoniambia kwamba lugha nyingine nazo zinafanya hivyo. Kweli kabisa. Lua, iliyozaliwa Brazil mwaka 1993 na yenyewe ikiwa lugha ya kupachikwa, ina njia yake: kazi inaweka majibu yake kwenye rundo, kisha inasema imeweka mangapi. Inaweza kurudisha matatu, manne, au lisiwepo hata moja. Ni mfumo mkarimu. Tcl ni bahili: jibu ni moja, nafasi ya kuliweka ni moja, na nafasi hiyo ni mali ya mkalimani. Amri inayofuata ikija, jibu la jana linafutwa. Usiposikiliza kwa wakati, basi tena.

Na ubahili huo ndio unaozaa ukurasa ninaoupenda kuliko yote, ule wa umiliki wa maneno. Amri iliyoandikwa kwa C inapomkabidhi mkalimani jibu, inapaswa kumweleza maneno hayo ni ya nani. Kuna aina tatu. Aina ya kwanza ni maneno ya kudumu: yapo na yataendelea kuwepo, mkalimani ayaelekezee kidole tu. Ya pili ni maneno ya kupita: muda si mrefu yatatoweka, ayanakili sasa hivi. Ya tatu ni maneno ya kukabidhiwa: yalitengewa nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa ajili yake, na akimaliza kuyatumia ni juu yake kuirudisha nafasi hiyo. Msimuliaji yeyote anayajua haya bila kufundishwa. Kuna methali, ambayo huhitaji kuitunza kwa sababu jamii inaitunza. Kuna neno la mgonjwa, ambalo usipoliandika leo kesho halipo. Na kuna wasia, ambao aliyepewa ndiye anayebeba mzigo.

Lakini hapa ndipo kitabu kinapoonyesha umri wake, na mhakiki asiposema atakuwa amemdanganya msomaji. Katika mifano ya 1994, Ousterhout anamruhusu mwandishi wa amri kuingia ndani ya mkalimani na kuandika jibu kwa mkono wake mwenyewe. Ndani mlikuwa na nafasi ndogo iliyokwisha kutengwa, ya baiti 200. Jibu fupi lilitosha bila shida. Jibu refu, kama mwandishi hakupima, lilifurika hadi kwenye kumbukumbu ya jirani, na programu ikaanguka mahali pasipohusiana kabisa na kosa. Kitabu kinachofundisha kwa uangalifu hivyo nani anamiliki maneno kiliacha mlango wa nyuma wazi, kwa sababu mlango huo ulifanya mifano ionekane mifupi na mizuri. Uzuri wa mfano umeshawaponza waandishi wengi, siyo wa kompyuta tu.

Lugha yenyewe ilijirekebisha. Toleo 8.0, mwaka 1997, lilifanya jibu liwe kitu chenye nyuso mbili: uso wa maneno, na uso wa ndani ambamo namba hubaki namba na orodha hubaki orodha. Kitu hicho kinahesabu wanaokishika. Wa mwisho akikiachia, kinaondoka chenyewe. Mlango wa nyuma ulibaki miaka mingi kwa heshima ya kodi za zamani, hadi toleo 9.0 la mwaka 2024 lilipoufunga. Kwa hiyo ukisoma sehemu ya tatu leo, soma kwa ajili ya fikra. Usiinakili.

Lawama yangu kubwa zaidi iko kwingine, nayo inahusu amri iitwayo catch. Kazi yake ni kudaka: unaipa skripti, inaiendesha, na hata skripti ikianguka, yenyewe haianguki. Inakupa ile namba ya hali, na ukitaka inakuwekea maneno kando. Ni chombo cha haki, mradi usome inachokupa. Lakini lugha inakuruhusu kudaka na kutupa. Chukua skripti ya kunakili mafaili kila usiku: diski imejaa, amri ya kunakili inarudi na hitilafu, catch inaidaka, hakuna anayeisoma, na asubuhi kila kitu kinaonekana salama. Tumerudi kwenye "nzuri", safari hii bila hata "ila".

Ousterhout mwenyewe amelirudia suala la makosa akiwa mtu mzima zaidi. Katika A Philosophy of Software Design, cha mwaka 2018, anasema alikosea katika amri ya Tcl ya kufuta kigeu: aliifanya ilalamike pale kigeu kisipokuwepo, wakati aliyetaka kisiwepo ameshapata alichotaka. Funzo analolitoa ni kwamba kosa bora ni lile ulilolibuni mpaka likakosa sababu ya kuwepo. Kwa amri hiyo moja namuunga mkono mia kwa mia. Ila ni funzo la kushikwa kwa mikono miwili. Kuondoa kosa kwa kufikiri upya maana ya amri ni kazi ya msanii. Kuondoa kosa kwa kulinyamazisha ni kazi ya mtu anayetaka kulala, na kwa mbali hao wawili wanafanana sana.

Kinachoiokoa Tcl, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu yake ya kosa. Kosa ambalo halijadakwa linapanda kutoka amri ya ndani kwenda ya nje, na kila ngazi inaongeza maelezo yake: lilitokea wakati naendesha hili, ndani ya taratibu ile, mstari kadhaa. Likifika juu lina ukoo mzima. Wasomaji waliopita chuoni watakumbuka sanad, ule mlolongo wa nani kapokea kwa nani, unaompa msikilizaji uwezo wa kupima habari badala ya kuimeza. Hakuna ngazi inayosema "siyo mimi". Kila moja inasema "ilipitia kwangu".

Kitabu kina kasoro nyingine. Mifano mingi ni ya kuchezea, na nathari yake imenyooka kiasi kwamba mwenye kiu ya tamathali atalala na kiu. Hata hivyo nampendekezea msomaji wa fasihi asome angalau kurasa hizo za majibu, na msomaji wa kompyuta azisome upya kwa jicho la fasihi. Mkikutana, ulizaneni swali ambalo kitabu kinaliuliza kila amri ikimaliza kazi: umesema nini, na ulipokuwa unasema, hali ilikuwaje?