Wali Vuguvugu: Ufundi wa Sushi katika Kitongoji cha Los Angeles

Barabara ya Ventura Boulevard, inayopita upande wa kusini wa bonde la San Fernando katika jiji la Los Angeles, haina sura ya mahali pa kutafutia ufundi wa hali ya juu. Kando zake zimejaa safu za maduka ya ghorofa moja yenye maegesho ya magari mbele, ambamo dobi hupakana na duka la dawa na duka la dawa hupakana na saluni ya kucha. Na ni katika safu hizohizo, hasa kwenye kipande kinachokatiza Studio City, kitongoji kilichopata jina lake kutokana na studio za filamu, ambamo migahawa ya sushi imesongamana kiasi kwamba wenyeji hukiita kipande hicho Sushi Row, mtaa wa sushi. Mgeni anayeuliza wapi pa kula chakula cha Kijapani katika kitongoji cha namna hii kwa kawaida hupewa orodha ya majina na bei. Jibu hilo humfaa kwa usiku mmoja, kwa kuwa migahawa hufunguliwa na kufungwa, wapishi huhama, na jina hubaki mlangoni muda mrefu baada ya mkono uliolipa sifa kuondoka. Linalomfaa zaidi ni kuujua ufundi wenyewe, ambao una tabia ya pekee: hatua yake ya mwisho hufanywa mbele ya macho ya mlaji, ilhali sehemu yake kubwa imekwisha kabla mlaji hajaketi.

Wengi huamini kwamba sushi ni samaki mbichi, ilhali jina hilo ni la wali uliotiwa siki, na samaki, yai au mboga ni kitoweo chake tu. Samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuliwa bila wali huitwa sashimi, nacho ni chakula kingine. Asili ya sushi ni njia ya kuhifadhi samaki: samaki alitiwa chumvi, akashindiliwa pamoja na wali kwa miezi mingi, wali ukachacha na uchachu wake ukamzuia asioze, kisha wali ukatupwa na samaki akaliwa. Namna hiyo ya kale ingali inatengenezwa kandokando ya ziwa Biwa kwa jina la funazushi. Baadaye siki ilichukua nafasi ya uchachu na kuondoa haja ya kungoja, na katika miaka ya 1820, mjini Edo, ambao leo ndio Tokyo, mpishi Hanaya Yohei anatajwa kuwa ndiye aliyeipa sura nigiri, tonge dogo la wali lililofinyangwa kwa mkono na kuwekwa kipande cha samaki juu. Siki nyekundu ya machicha ya sake, pombe ya mchele, ambayo Nakano Matazaemon alianza kuitengeneza huko Handa mwaka 1804, ilikuwa rahisi kwa bei na kali kwa ladha, nayo iliuwezesha wali huo kuwa chakula cha vibandani, cha watu wenye haraka na wasio na fedha nyingi. Inafaa kulikumbuka hilo kila inapodaiwa kwamba sushi nzuri ni lazima iliwe mahali pa kifahari.

Wali ndio mtihani wa kwanza, na kwa mlaji mwenye subira ndio mtihani wote. Mpishi wa pilau wa Lamu au Unguja husifiwa kwa wali uliochambuka, kila punje ikijitenga na mwenzake. Fundi wa sushi hutafuta jambo gumu zaidi, punje zinazoshikana zikibebwa kwa vidole na kuachana mara ziingiapo kinywani. Ili afike hapo huchagua mchele wenye kiasi kidogo cha amilosi, ile sehemu ya wanga inayoufanya wali uwe mkavu. Huuosha mpaka maji yapungue weupe, huuroweka, huupika kwa maji pungufu kidogo kwa sababu siki itauongezea unyevu, kisha huumimina ungali unafuka mvuke ndani ya hangiri, beseni pana la mbao lisilopakwa rangi, ambalo hunyonya majimaji yanayozidi. Siki yenye chumvi, na mara nyingi sukari, humwagwa juu yake, na mwiko bapa hupitishwa kama unaokata, kwa kuwa kukoroga huziponda punje na kuufanya wali uwe bokoboko. Wakati huohuo wali hupepewa ili unyevu wa juu ukauke upesi na punje zing'ae. Ukishapoa hadi kukaribia joto la mwili wa binadamu hufunikwa mahali pasipopoteza joto, na kuanzia hapo fundi anashindana na saa, maana ukipoa mno wanga wake hukakamaa, na ukilazwa katika jokofu hakuna mkono utakaourudisha. Kwa sababu hiyo sushi ya vifurushi inayouzwa madukani, ambayo kanuni za afya huilazimisha kukaa kwenye baridi, haiwezi kuwa nzuri hata samaki wake akiwa wa thamani. Kwa sababu hiyo pia mlaji anayetaka kujua amefika mahali gani hana haja ya kukagua taa, mapambo wala vyombo. Kipande cha kwanza kinatosha, akiutambua uvuguvugu wa wali chini ya ubaridi wa samaki.

Kufinyanga kipande chenyewe huchukua sekunde chache tu. Fundi hulowesha vidole kwa maji yenye siki, huchota wali bila kuupima kwa mizani, hupaka wasabi mgongoni mwa kipande cha samaki, huviunganisha, na kwa kidole cha shahada hukandamiza mara chache ili nje pashikane na ndani pabaki na hewa. Wasabi halisi ni shina la mmea unaopenda vijito vya maji baridi, na ukali wake ukishakwaruzwa huanza kutoweka baada ya dakika chache. Uji wa kijani unaopatikana katika migahawa mingi ni mzizi mwingine mkali wa Ulaya uliotiwa rangi, na kuutumia si dhambi, ila kuuita wasabi ni kumpunja mlaji. Katika mgahawa makini mpishi hupaka mwenyewe nikiri, mchuzi wa soya uliochemshwa pamoja na mirini, pombe tamu ya kupikia, au sake, kwa hiyo bakuli la kuchovyea huwa halina kazi, na kipande huliwa papo hapo, hata kwa mkono.

Kuhusu samaki, msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kwamba samaki wa kusifiwa ni yule aliyeshuka kwenye ngalawa asubuhi hiyo, atashangaa kusikia kwamba upya si kila kitu. Nyama ya jodari mkubwa aliyetoka tu baharini ni ngumu na ladha yake ni hafifu. Ikikaa siku kadhaa katika baridi inayoangaliwa, vimeng'enya vyake huvunja kemikali iliyobeba nguvu za misuli na kuzaa inosinati, mojawapo ya viini vya umami, ile ladha ya tano ambayo mwanakemia Kikunae Ikeda aliipa jina mwaka 1908 alipochunguza mchuzi wa mwani. Lakini kungoja huko kunafaa tu iwapo samaki aliuawa kwa adabu, na hapo ndipo Wajapani huleta ikejime, utaratibu wa kumtoboa samaki ubongo na kumtoa damu mara anapokamatwa, ili asiimalize akiba ya misuli yake kwa kupapatika. Kugandisha nako hakustahili dharau inayopewa. Meli zinazovua jodari wa Bahari ya Hindi kwa mishipi mirefu kwa ajili ya soko la sashimi humgandisha palepale kwa baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huelekeza kwamba samaki wengi wanaokusudiwa kuliwa mbichi, ukiwaondoa jodari, wagandishwe kwanza, kwa mfano siku 7 kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, ili vimelea vife. Samoni, ambaye leo hakosekani katika mgahawa wowote wa kitongoji, hakuwemo katika sushi ya kale ya Tokyo kwa hofu ya vimelea hivyo. Aliingia baada ya Wanorwei kuanza katika miaka ya 1980 kuwauzia Wajapani samaki wao wa kufugwa.

Anayetaka kumpima fundi amwache jodari, ambaye fedha humnunua akiwa tayari mzuri, aagize samaki wa bei ndogo. Kohada, samaki mdogo wa ukoo wa sardini mwenye ngozi ya fedha, hupasuliwa, hutiwa chumvi kwa dakika zinazobadilika kulingana na ukubwa wake, unono wake na hali ya hewa ya siku ile, huoshwa, huzamishwa katika siki, kisha hupumzishwa. Kosa dogo likitokea popote humfanya awe mkavu au anuke shombo. Kwa samaki huyo hakuna pa kujificha. Yai la kukaanga kwa tabaka nalo lina wapenzi wanaoanza nalo kabla ya kingine chochote, na supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, hufichua kama jikoni huchemshwa mwani na samaki mkavu wa katsuobushi au hufunguliwa pakiti.

Ufundi huu ulifika Los Angeles kupitia Little Tokyo, mtaa wa Wajapani wa katikati ya jiji, ambako mgahawa wa Kawafuku uliweka kaunta ya sushi katika miaka ya 1960. Mchele ulikuwepo tayari, na una historia yake chungu: familia ya Keisaburo Koda, iliyolima mpunga huko South Dos Palos, California, ilifungwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kama Wajapani wengine wa pwani ya magharibi, ikarudi na kukuta mashamba yake bora yameuzwa, ikaanza upya, na katika miaka ya 1960 ikatoa aina ya mpunga iitwayo Kokuho Rose. Katika Little Tokyo hiyohiyo, kwenye mgahawa wa Tokyo Kaikan, mpishi Ichiro Mashita hutajwa kuwa alitumia parachichi mahali pa nyama nono ya jodari, na hivyo kuanzisha msokoto wa California, yaani California roll, ingawa Hidekazu Tojo wa Vancouver naye hudai heshima hiyo. Wapo wanaoubeza msokoto huo kana kwamba ni uasi. Dharau hiyo inakosa uzito, kwani nigiri yenyewe ilizaliwa kwa kubadilisha mapishi ya zamani kulingana na mji na haraka zake, na parachichi lililoiva vizuri juu ya wali uliopikwa vizuri lina haki zaidi ya kuitwa sushi kuliko jodari wa gharama juu ya wali wa baridi.

Ubishi huo ulipata sura yake kali zaidi Studio City. Mwaka 1987 Kazunori Nozawa alifungua Sushi Nozawa katika mojawapo ya zile safu za maduka, mahali pasipo na urembo wowote, akaweka bango lililosema kwamba chakula maalumu cha siku ni kumwamini mpishi. Hakutoa msokoto wa California. Alikwenda sokoni mwenyewe kuchagua samaki, akaandaa wali wenye uvuguvugu ulio dhahiri na ulaini uliowashtua waliozoea tonge gumu, na aliyeketi kwenye kaunta alikula kile alichopewa, kwa mpangilio aliopewa. Utaratibu huo wa kumwachia mpishi uamuzi huitwa omakase. Ukali wake ulimpa majina ya utani yasiyopendeza, lakini ndani yake mlikuwa na hesabu: mpishi asiyelazimika kuwa na kila aina ya samaki kila siku hununua wachache walio bora, hawalazi, na humjua mteja wake kiasi cha kumkatia kipande kidogo au kumwongezea siki bila kuambiwa. Kitongoji kinaufaa utaratibu huo kuliko katikati ya jiji, kwa kuwa wateja wake ni majirani wanaorudi, na kodi ya chumba kilicho karibu na dobi haimlazimishi mwenye mgahawa kufidia gharama kwa kubana upande wa samaki.

Swali la nani atarithi mikono hiyo ni gumu. Zamani mwanagenzi wa Tokyo alipitia miaka mingi ya kuosha, kubeba na kutazama kabla ya kuruhusiwa kuufinyanga wali mbele ya wateja, na wanawake walizuiwa kwa kisingizio kwamba mikono yao ina joto, hoja ambayo haijapata kuwa na msingi. Chuo cha California Sushi Academy kilichoanzishwa na Toshi Sugiura mwaka 1998, na Tokyo Sushi Academy kilichofuata mwaka 2002, huahidi kufundisha misingi kwa miezi michache. Ahadi hiyo si uongo, kwa sababu kukata na kufinyanga kunafundishika upesi. Kinachochelewa ni kumsoma kohada wa siku ya mvua.

Nozawa alifunga mgahawa wake mwaka 2012, lakini tangu 2008 alikuwa ameshaingia katika Sugarfish, mfululizo wa migahawa ulioanzia Marina del Rey, ambao umeugeuza ule wali vuguvugu na ule mpangilio usiojadiliwa kuwa utaratibu unaorudiwa katika matawi mengi kwa bei inayovumilika. Na nyuma ya tawi la Beverly Hills pakawekwa Nozawa Bar, chumba cha viti 10. Waandishi wa mwongozo wa migahawa wa Michelin, walioiacha Los Angeles baada ya toleo la 2009, waliporejea na kutoa toleo la California nzima mwaka 2019, waliipa Nozawa Bar nyota moja, na nyota nyingine kama hiyo wakaipeleka Shin Sushi, mgahawa ulioko Encino, mwendo mfupi kuelekea magharibi kwenye Ventura Boulevard ileile, katika safu ya maduka yenye maegesho mbele.