Kabla na Baada

Mwaka juzi mpwa wangu, ambaye amekaa Houston, Marekani, kwa miaka mingi, alikuja likizo akaniwekea mezani kijitabu cha rangi. "Mjomba, umesahihisha insha za walimu maisha yako yote. Nisahihishie na hii." Mzee kama mimi kukabidhiwa picha za matiti na binti wa dada yangu! Nilikwenda kukisomea chumbani.

Kijitabu kinawahusu wanawake waliokwisha kuwekewa vipandikizi vya silikoni, ambao sasa wanataka virekebishwe wapate "mwonekano wa asili zaidi". (Asili ina zaidi? Tuliache hilo.) Kushoto picha ya kabla, kulia ya baada. Hakuna mwenye kichwa. Kushoto taa humulika kutoka juu, kila kivuli kikaonekana. Kulia mwanga umelainishwa na mabega yamerudishwa nyuma. Mwanachuo wangu angeniletea hila hiyo ningempa D.

Lakini kasoro kubwa imo katika maudhui. Hiyo "kabla" si kabla. Titi lile gumu, la duara kama chungwa, ni "baada" ya daktari wa kwanza. Hadithi imeanzia katikati. Mwili huzungushia kipandikizi utando wa kovu. Pengine utando hukaza, titi likawa gumu na kupanda juu. Daktari wa pili huuondoa utando, huweka kipandikizi kingine, mara nyingi kidogo zaidi, pengine chini ya msuli, na huweza kuongeza mafuta yaliyofyonzwa tumboni au mapajani ili kuficha kingo. Hayo kijitabu kinayaeleza vizuri, nakiri.

Kinachokwepwa ni muda. Upasuaji wa kwanza wa silikoni ulifanyika huko huko Houston mwaka 1962, kwa hiyo yanayotokea baada ya miaka 20 yanajulikana. Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza wagonjwa waonywe kwamba vipandikizi si vya kudumu maisha yote, na kwamba uwezekano wa madhara huongezeka kadiri miaka inavyopita. Humu hakuna picha hata moja yenye tarehe.

Sikumwambia asifanye. Upande wa kushoto ulikuwa ukimuuma hata kuulalia hawezi. Hapo hatuzungumzii urembo tena. Kando ya picha ya mwisho niliandika kwa wino mwekundu: "Na ya mwaka wa kumi iko wapi?" Alicheka, akakitia kijitabu mkobani, akasema atamwonyesha daktari wake vivyo hivyo, na wino wangu.