Tulipu ilivyonifanya nimdanganye mjomba

Msomaji, kama umewahi kusikia kwamba zamani Uholanzi ua moja liliuzwa kwa bei ya nyumba, basi tayari unaijua nusu ya sura ya pili ya The Botany of Desire, kitabu cha Michael Pollan cha mwaka 2001. Nilikisoma likizo, nyumbani Nyarero. Nakiri: kwa utamu wa simulizi, wengi wetu tunaoandika sayansi hatumfikii.

Sura inaeleza vizuri kwa nini tulipu zenye michirizi ziligombaniwa miaka ya 1630. Michirizi ile ilikuwa ugonjwa. Virusi vinavyobebwa na vidukari vilizuia rangi isienee sawasawa kwenye ua. Wakulima hawakujua. Mwaka 1928 ndipo Dorothy Cayley, kule Uingereza, alipoonyesha kwamba hali hiyo huambukizwa. Kitunguu cha tulipu kikiugua, vitoto vyake navyo huzaliwa na virusi, tena vichache. Ndiyo maana bei ilipaa.

Tatizo langu linaanzia hapo. Ukifunga sura, unabaki na picha kwamba virusi vya mimea huishi hivyo: mzazi akiugua, mtoto kaugua. Mimi niliibeba picha hiyo hadi kwa mjomba, anayelima mpunga bondeni upande wa ziwa. Majani yalikuwa na mabaka ya njano, mimea imedumaa, masuke yamejaa mapepe. Kimyanga.

"Mwanangu, wewe ndiye umesoma. Ni mbegu?"

"Ndiyo mjomba, mbegu ina virusi."

Basi akawamwagia kuku Supa yake yote aliyoitunza, akakopa hela akanunua nyingine. Msimu uliofuata kimyanga kikarudi palepale.

Nilikosea. Virusi vya kimyanga, vilivyogunduliwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, yaani hapo tu ng'ambo ya mpaka, haviambukizi mche kupitia mbegu. Hubebwa na mbawakavu wanaotafuna majani, na pia mikono yetu, mundu, hata ng'ombe wanaokatiza shambani. Msimu ukiisha hujificha kwenye maotea na baadhi ya magugu. Kwa hiyo kazi ilikuwa kung'oa mapema mimea iliyougua, kusafisha mundu, kuondoa maotea na kuhamisha kitalu. Ni kweli Supa huugua haraka, lakini kuugua haraka si sawa na kubeba ugonjwa ndani ya mbegu. Kubadili mbegu kunasaidia pale tu aina mpya inapokuwa na ukinzani, kama Gigante ya Msumbiji, na hata hiyo kuna virusi vinavyoishinda.

Je, ni haki kumlaumu Pollan? Kidogo tu. Yeye alikuwa anaandika kuhusu uzuri, hakuwa anamshauri mkulima wa Mara. Ila sentensi moja ingetosha: kwamba kila kirusi kina njia yake ya kusafiri. Sikuikuta. Na kusema ukweli, hata makala zetu wenyewe huisahau mara nyingi. Tunaeleza kirusi kinafanya nini, hatusemi kinapita wapi.

Kitabu kisome, ni kizuri. Ila ukikutana na neno virusi, uliza kwanza: hivi vinapita wapi? Usipouliza, yatakukuta yangu. Lile deni la mbegu nalilipa mimi, na mjomba hajaacha kunitania.