Wati 1,000 Kwenye Boksi, Wati 2.5 Mezani

Ukiwa unasaka spika za kompyuta za bei nafuu pale Mwanga au Ujiji, ukakuta boksi limeandikwa "1000W PMPO", cheka kwanza. Kama spika inakula umeme wa USB 2.0 tu, inapata volti 5 na ampea 0.5. Zidisha: wati 2.5. Hizo nyingine zimetoka wapi? PMPO haina kanuni moja. Kila kiwanda kinajipigia hesabu zake. Wewe ulizia RMS, nguvu inayotoka mfululizo. Halafu jaribu dukani: muziki wenye besi, filamu yenye maongezi, gemu usikie kama hatua zinatokea kushoto au kulia. Ongeza sauti. Maneno yakianza kukwaruza, iache hapohapo, pesa yako bado unaihitaji.