Mizani ya Jasusi wa Sinema: Kumkumbuka Zena Marshall kwa Insafu

Kila afapo mwigizaji wa kike aliyepata kusimama mbele ya James Bond, wapenzi wa filamu hizo, wawe wa London au wa Likasi, hukimbilia sifa moja tu, nayo ni uzuri. Na kwa kuwa uzuri hauhitaji shahidi, marehemu huzikwa mara ya pili chini ya picha yake ya ujanani, ilhali kazi aliyoitumikia umri wake wote haitajwi na mtu. Tumeyaona hayo alipofariki Lois Maxwell mwaka 2007, tukayaona tena walipofuatana Claudine Auger mwaka 2019, na Honor Blackman na Diana Rigg mwaka 2020. Mnunuzi wa madini hapa kwetu Likasi hatoi fedha kwa ajili ya ukijani wa jiwe, bali hulipima kwanza ajue lina shaba kiasi gani. Basi na mpenzi wa sinema asiridhike na mng'ao wa sura kabla hajajua sanaa iliyomo ni kadiri gani. Mwongozo huu umekusudiwa kumpa mizani ya kupimia.

Mfano nitakaoutumia ni Zena Marshall, aliyecheza nafasi ya Miss Taro, jasusi wa adui, katika Dr. No, filamu ya kwanza ya mfululizo huo, iliyoonyeshwa London kwa mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 1962, ambayo sisi tunaopata sinema za Ulaya kwa Kifaransa tumeizoea kwa jina la James Bond 007 contre Dr No. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni ya ujirani, kwa kuwa bibi huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1926, kisha akalelewa Leicestershire, Uingereza, na kusomea uigizaji katika chuo mashuhuri cha RADA. Ya pili, iliyo kubwa kuliko hiyo, ni kwamba nafasi yake ni fupi, na sanaa hupimwa vema pale ilipobanwa: mwenye saa mbili za kuonekana aweza kuusitiri udhaifu wake, lakini mwenye dakika chache hana pa kuusitiri. Alipokutana na Sean Connery, aliyemcheza Bond, alikuwa amekwisha kutumikia sinema miaka 17, tangu nafasi ndogo aliyopewa katika Caesar and Cleopatra ya mwaka 1945. Baadaye akaonekana katika kichekesho cha ndege za kale, Those Magnificent Men in Their Flying Machines, cha mwaka 1965, na The Terrornauts ya mwaka 1967, na akafariki London tarehe 10 Julai 2009.

Wala asidhani mtu kwamba mtazamaji wa Likasi ni mgeni katika mambo ya siri. Karibu na mji wetu uko mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa urani iliyotumiwa kutengeneza mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Huko nyuma, mwaka 1940, Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka New York kiasi cha tani 1,200 za madini hayo na kuyaweka ghalani katika kisiwa cha Staten Island, na vita vilipopamba moto Wamarekani walileta makachero wao Kongo ili siri hiyo isivuje. Tena Dr. No ilipozinduliwa, mji wetu ulikuwa ukiitwa Jadotville na ulikuwa bado chini ya utawala wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, hata majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipouingia tarehe 3 Januari 1963.

Fauka ya hayo, Kongo ilipata kuwa na jasusi wa kike wa kweli. Daphne Park, aliyekulia Tanganyika, alikaa Léopoldville tangu mwaka 1959 hadi 1961 kwa cheo cha ubalozi, huku akiitumikia idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza. Aliendesha Citroën 2CV, gari lisilomtisha mtu, na umbo lake lilikuwa la bibi mpole ambaye mtu angemdhania kuwa mwalimu wa shule kuliko kumdhania kuwa mwenye siri za dola. Alifariki mwaka 2010, miezi michache baada ya Zena Marshall. Ukiwaweka wawili hao pamoja, utapata kanuni ambayo vipimo vyote vifuatavyo vimesimama juu yake: jasusi wa kweli hufaulu asipoonekana, na jasusi wa sinema hufaulu pale tu tunapomwona anavyojificha. Dhahiri yake imdanganye aliye mbele yake, na batini yake itufikie sisi tulioketi gizani, wala moja isiiharibu nyingine. Mwigizaji atakayetuonyesha dhahiri peke yake amekuwa pambo. Na atakayetuonyesha batini peke yake, kwa kukodoa macho na kuuma mdomo, amemfanya shujaa aliye mbele yake kuwa mpumbavu, kwa maana lililo wazi kwetu lingekuwa wazi na kwake.

Kipimo cha kwanza ni namna ya kuingia. Miss Taro ni karani katika ofisi ya serikali mjini Kingston, Jamaika, na tunaanza kuitambua tabia yake wakati Bond anapofungua mlango kwa ghafula na kumkuta nyuma yake, palipo na tundu la ufunguo. Hapo mwigizaji dhaifu angeruka kwa fazaa, akatuambia yote kabla ya wakati wake. Zena Marshall hatoi zaidi ya udhuru wa karani: alikuwa akitafuta mafaili. Sauti ni ya mtumishi aliyekatizwa kazi yake, uso una staha, na aibu iliyomo ni ile ambayo hata mtu asiye na hatia huwa nayo akigunduliwa mahali pasipomstahili. Katika riwaya ya Ian Fleming ya mwaka 1958 karani huyu ni mtu wa kando. Filamu ndiyo iliyompa nyumba, kitanda na hila, na mwigizaji ilimpasa amjaze mtu ambaye kitabu hakikumjaza. Basi unapopima mlango wa kuingilia, jiulize kama ungemwajiri mtu huyo kazi anayojidai kuifanya. Miss Taro ningemwajiri siku hiyo hiyo.

Kipimo cha pili, ambacho ndicho kitovu cha mizani, ni kubeba elimu mbili katika uso mmoja. Miss Taro amemwalika Bond nyumbani kwake milimani, na njia aliyomwelekeza ni njia ya mauti, kwa kuwa gari la kubebea maiti linamfuata ili limsukume bondeni. Gari hilo ndilo linaloanguka na kuwaka moto, na Bond anabisha hodi akiwa mzima. Mwenye nyumba, taulo mwilini, anamfungulia mlango mtu aliyekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu. Tazama kwa makini, kwa sababu jambo lenyewe halichukui muda: mshangao sharti uwepo, la sivyo hatutaamini kwamba alimtaka afe, na sharti uvikwe mara moja vazi la mwanamke aliyefikiwa na mgeni kabla hajavaa, jambo ambalo nalo humshangaza mwanamke yeyote. Mwigizaji huyu anazipitisha sababu mbili za mshangao katika mshangao mmoja, na Bond anaweza kuisoma mojawapo ilhali sisi tunasoma zote.

Kisha simu inalia, naye anakwenda kuipokea chumbani, akaambiwa na mabwana zake amzuie mgeni hapo hapo mpaka muuaji mwingine afike. Tangu dakika hiyo mambo yanafungamana kwa namna ya kupendeza: Bond anajua kwamba amehadaiwa, mwanamke hajui kwamba Bond anajua, nasi tunawajua wote wawili. Mapenzi yanayofuata ni hadaa juu ya hadaa, na hapo ndipo mashabiki wengi huacha kutazama sanaa wakatazama mwili. Wewe tazama mikono. Bond anapotaka watoke wakale mjini, bibi anataka kumpikia chakula cha Kichina hapo hapo nyumbani; maneno ni ya ukarimu, na haraka iliyomo ndani yake ni ya askari aliyeamriwa asimwache mfungwa atoke. Rangi ya kucha anayojipaka ni utulivu wa kuonyeshwa, kwa kuwa hakuna anayejipaka rangi ya kucha kama anakusudia kumsaliti mtu, au ndivyo atakavyo tudhani. Ukitaka kuhakikisha, zima sauti na urudie tangu mlango unapofunguliwa: kama hila bado inasomeka bila ya maneno, basi imo katika mwigizaji, kama imetoweka, ilikuwa ya mwandishi peke yake.

Kipimo cha tatu ni sauti, na hapa mtazamaji wa Katanga anahitaji hadhari mara mbili. Katika filamu hiyo hiyo, sauti ya kusema ya Ursula Andress, ambaye kila mtu humkumbuka akitoka baharini, si yake, bali ni ya Nikki van der Zyl, aliyemsemea Eunice Gayson pia. Na wimbo aliouimba Andress ufukweni uliimbwa na Diana Coupland. Van der Zyl alifariki mwaka 2021, na waliomlilia walikuwa wachache kuliko waliowahi kumsikia. Juu ya hayo, nakala tunazozitazama Likasi zimetiwa sauti upya kwa Kifaransa, hata mtu akamsifu marehemu kwa mahadhi ambayo hakuyatoa. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wamekwenda mbele zaidi, maana wasimulizi wa filamu mfano wa Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, walisema kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu, wakaongeza mizaha na maonyo yao wenyewe. Sisemi kwamba hayo ni makosa, kwa sababu msimulizi hodari naye ni fundi. Nasema kila fundi apewe ujira wake. Ukimsikia mtu akisifu sauti, muulize kwanza ni nakala gani aliyoitazama.

Kipimo cha nne ni namna ya kutoka, na hapa Miss Taro anawapita wengi. Bond anaita gari, bibi anadhani ni teksi, kumbe ndani yake yumo mkuu wa polisi. Hila imekwisha, na aliyedhani anamshika mtu amekamatwa yeye. Zena Marshall halii wala haombi radhi, bali anamtemea Bond mate usoni. Linganisha na Pussy Galore wa Goldfinger, filamu ya mwaka 1964, ambaye Honor Blackman alimcheza kwa heshima kubwa, lakini hadithi ikamlazimisha abadili upande kwa sababu ya kukumbatiwa na shujaa. Miss Taro ameshindwa, walakini hajageuka. Mate yale yanatuambia kwamba kila tabasamu lililotangulia lilikuwa kazi, na yanaturudisha nyuma tuitazame upya kila dakika yake. Hiyo ndiyo alama ya kutoka kuzuri: kunayabadili yale uliyokwisha kuyaona.

Insafu haikamiliki bila ya kutaja upungufu, wala kifo hakimfanyi mtu asiwe na upungufu. Zena Marshall hakuwa Mchina kama alivyo Miss Taro wa hadithi. Alipakwa na kuchorwa macho ili afanane na mtu wa Mashariki, sawa na Joseph Wiseman, mzaliwa wa Kanada, aliyemcheza Dr. No mwenyewe. Ilikuwa desturi ya wakati ule kuwanyima watu wa Asia nafasi zilizobeba sura zao, na sisi tunalielewa jambo hilo, kwa maana filamu ya mwaka 2016 juu ya kuzingirwa kwa askari wa Ireland mjini mwetu, The Siege of Jadotville, ilipigwa Afrika Kusini, na Tshombe wetu akachezwa na Danny Sapani wa Uingereza. Hukumu ya haki huligawa jambo hili mara mbili: rangi usoni ni aibu ya waliomchagua na ya zama zao, na yaliyofanywa chini ya rangi hiyo ni sanaa yake. Mwenye kuifuta sanaa kwa sababu ya rangi amedhulumu, na mwenye kuificha rangi kwa sababu ya kuipenda sanaa amedhulumu vilevile.

Sasa ni zamu ya kuzipima kumbukumbu zenyewe, kwa kuwa nazo ni kazi ya mkono yenye ubora na uhafifu wake. Kumbukumbu hafifu hujulikana kwa dalili tatu: humtaja marehemu kwa jina la shujaa wa kiume kabla ya kumtaja kwa jina lake, humfungia katika mwaka mmoja, kana kwamba Zena Marshall alizaliwa na kufa mwaka 1962, na husifu kwa maneno ambayo ukibadili jina yangemfaa mwingine yeyote. Kumbukumbu bora hutaja tendo. Husema: alifungua mlango hivi, alipokea simu hivi, alikataa hivi. Huandama kazi yake kabla na baada ya jukumu lililompa sifa, na hukubali kwamba jukumu hilo lilikuwa dogo bila ya kulitukuza kupita kadiri yake.

Mkikusanyika jioni, katika mitaa yetu ya Kikula au Panda, kumkumbuka mwigizaji wa namna hii, msiwashe filamu nzima mkaishia kumtazama Connery. Chagueni sehemu zake peke yake, za Miss Taro hazizidi tatu au nne, mzitazame kwanza kwa sauti, kisha bila ya sauti, kisha mara ya mwisho mkimtazama anayesikiliza badala ya anayesema, kwa kuwa jasusi hufanya kazi yake kubwa wakati wa kusikiliza. Kisha kila mmoja ataje tendo moja la marehemu ambalo mwigizaji mwingine angelifanya vinginevyo, na aeleze lingeharibika nini katika hadithi kama lingefanywa hivyo. Atakayeweza kulijibu swali hilo, na amsifu kwa sauti. Na asiyeweza, arudishiwe mkanda nyuma atazame tena kabla ya kusema kuwa alikuwa mzuri.